Mtende Kwenye Kifungo cha Jinzi

Nakumbuka Jumanne moja pale Guangzhou, saa saba mchana, bakuli la tambi linafuka mvuke mbele yangu, na mimi, ambaye sijawahi kukataa chakula tangu niachishwe ziwa, nashindwa kumeza hata uzi mmoja. Mguu wangu ulikuwa unacheza wenyewe chini ya meza kama unakanyaga cherehani. Mwanangu, ukimwona mlafi kama mimi ameacha nyama ya kondoo ipoe, jua kuna jambo amelifanya.

Najua utacheka nikikuita mwanangu. Cheka umalize. Mimi na mama yako ni tumbo moja, kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo, hata kama nimekuzidi miaka minne tu na bado huwa naamshwa kwenda shule kwa kumwagiwa maji. Mwezi ujao unakwenda Guangzhou likizo kwa mara ya kwanza. Wakubwa watakupa nasaha za pasipoti na za kuvuka barabara. Za kwangu ni za sarafu moja. Kaa, na uache kuchezea hicho kifungo cha suruali, tutakifikia.

Ilikuwa likizo yangu ya kidato cha pili, mwaka mmoja baada ya Hong Kong kurudishwa China. Mama yako alikuwa tayari anachukua jinzi Xintang, kule kwenye viwanda, anazituma Kariakoo kwa kontena. Shida yake mwaka ule ilikuwa vifungo. Alikuwa ameweka picha ya tai kwenye vifungo vya jinzi zake ili wateja wazitambue. Haikupita miezi miwili, kila jinzi pale Kariakoo ina tai, mpaka za watoto wachanga. Wafanyabiashara wenzake wakimwona wanapiga viwiko kama mbawa. Akaapa kwamba safari hii atatafuta picha ambayo hakuna mwingine anayo, na ilitakiwa ipatikane kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo kiwanda kinaanza kugonga vifungo vya oda yake.

Sasa, mchana tulikuwa tunakula kwenye mkahawa wa Waislamu karibu na barabara ya Huanshi, kwa sababu pale nguruwe haingii jikoni. Kwa sababu hiyohiyo alikuwa anakula pale Mzee Yona. Huyu alikuwa Myahudi, mnunuzi wa zipu, aliyezaliwa Nakuru akaishi huko mpaka nywele zikaanza kumhama, ndipo naye akahamia Haifa. Ukimpa shikamoo anakuitikia marahaba, kisha anakuuliza nyumbani kwenu mvua imenyesha, kama vile ana shamba pale Magomeni. Sisi tulikuwa tunaagiza kila kilichomo ukutani. Yeye ni samaki na mboga, kila siku, na kulalamika kwamba samaki ana miiba.

Jumatatu alinikuta nachora vifungo kwenye karatasi ya kufungia maandazi ya mvuke. Nimechora simba, nanasi, na uso wa mama yako akiwa amekasirika. Akaangalia, akatia mkono mfukoni, akapanga sarafu nne mezani.

"Hizi ni pesa za kwetu za sasa," akasema. "Za kununulia mkate. Lakini picha zake ni kuukuu kuliko mkate wenyewe."

Ya kwanza ilikuwa na taa ya matawi saba. Akasema mfalme wao mmoja wa mwisho aliigonga taa hiyo kwenye sarafu yake zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Ya pili ilikuwa na ua la yungiyungi na herufi tatu za kizamani zilizokaa kama nyayo za kuku, na hilo ua lilitoka kwenye sarafu ndogo ya fedha ya wakati Waajemi wanatawala kwao. Ya tatu, kinubi.

"Mzee," nikamwambia, "taa, maua na muziki. Hizi si pesa, hii ni harusi."

Alicheka mpaka akatafuta leso. Kisha akasogeza ya nne. Hiyo ilikuwa ya rangi mbili: kati ni duara la rangi ya dhahabu, pembeni limezungukwa na pete nyeupe. Kwenye lile duara kulikuwa na mtende wenye makuti saba, na chini yake vikapu viwili vimejaa tende.

Hapo akaacha kucheka. Akaniambia kwamba karibu miaka elfu mbili iliyopita watu wake walipigana na Warumi, na mwaka wa nne wa vita, mambo yamewabana, walikuwa wanagonga sarafu za shaba Yerusalemu. Wangeweza kuandika thamani yake yakaisha. Badala yake wakaweka mtende uliozaa, na vikapu viwili, na maneno ya kuomba ukombozi wa Sayuni. Haukupita muda mji ukaanguka. "Na juzi juzi tu walipotaka sarafu mpya," akasema, "wachoraji hawakukaa kubuni. Walikwenda kuiangalia ile ya shaba, wakaurudisha mti uleule, vikapu vilevile na maneno yaleyale."

"Kwa hiyo wameiga, kama watu wa Kariakoo na tai wa dada yangu."

"Wameiga chao," akasema. "Mtu akivaa kanzu ya babu yake humwiti mwizi."

Mimi masikio yalikuwa yameshaziba. Nilikuwa naona mtende ule kwenye kiuno cha jinzi. Nikamwomba aniazime ile sarafu niifunike karatasi, nisugue penseli juu yake nipate picha. Akasita. Kidole chake kilibaki juu yake kidogo, nilikiona, mwanangu, na nikajifanya sikukiona. Mwishowe akasema, "Chora. Kesho mchana nataka kuiona hapa mezani."

Nikasugua. Nikapata kitu kama buibui aliyekanyagwa.

Alasiri ileile tulikwenda Xintang. Mama yako akaingia chumba cha mishono, mimi nikaenda kwa laoban wa vifungo. Kule kila tajiri mwenye kiwanda anaitwa laoban, na huyu alikuwa mama mmoja mfupi mwenye miwani kichwani na mingine usoni. Nikampa buibui wangu. Akaiangalia karatasi, akaniangalia mimi, akanyoosha mkono tena: anataka sampuli.

Sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipojikwaa. Kule sampuli ina sheria zake. Ukimpa fundi suruali aige, haipimi kwa macho. Anaifumua mishono yote, anailaza mezani vipande vipande kama samaki aliyepasuliwa, kisha anakata nyingine mia tano zinazofanana nayo. Unarudishiwa hizo mia tano. Yako hairudi. Mama yako alikuwa amenieleza hilo tangu siku ya kwanza: usitoe kwa sampuli nguo unayoipenda. Nilijua. Nikajiambia sarafu haina mshono, nikamwekea laoban mkononi.

Basi ndiyo hiyo Jumanne. Mzee Yona akaketi, akaagiza samaki wake, akasema, "Haya, binti, lete mtende wangu."

"Umekwenda kutembea Xintang, Mzee. Hali ya hewa ya huku ilikuwa haiupendi."

Nilisema vile nikitegemea kicheko. Aliweka vijiti chini, vimelingana, polepole.

"Kesho saa nane napanda gari moshi la Hong Kong," akasema. "Siondoki bila ile sarafu."

"Mzee, nitakununulia tende kilo tano. Kwenu si ziko nyingi sarafu kama ile? Si umesema za kununulia mkate?"

"Ziko nyingi." Akanieleza akiangalia bakuli langu, si mimi. Mwaka uliotangulia mke wake alikuwa mgonjwa kitandani. Asubuhi moja akamwita, akamtia sarafu ile mkononi, akamwambia, nenda sokoni kaniletee tende. Kulikuwa na mvua. Mzee Yona akasema, nitakwenda kesho. Kesho yake hakukuwa na wa kumpelekea.

"Basi naibeba," akasema. "Na kila nikilipa kitu dukani, moyo unaruka, naogopa nisije nikaitoa kwa bahati mbaya pamoja na nyingine. Ndiyo hiyo umeipeleka kutembea."

Sasa unaelewa kwa nini tambi zilipoa.

Jioni ile nilizunguka chumba cha gesti mpaka mama yako akaniuliza kama nimemeza saa. Sikumwambia. Niliogopa kumwambia kuliko nilivyoogopa Xintang yenyewe. Jumatano alfajiri nikamwachia kikaratasi, "nimekwenda kutembea", uongo wa pili kwa maneno yaleyale, nikapanda basi. Njia nzima nilikuwa nakaa, nasimama, nakaa. Bibi mmoja wa Kichina aliyekuwa pembeni yangu akanipa chungwa, nadhani alifikiri nimefunga choo.

Laoban alifurahi kuniona. Akafungua mtoto wa meza, akanitolea pete nyeupe, tupu. Katikati hakuna kitu. Ningeweza kuivaa kidoleni. Nikapiga kelele ambayo hata mashine zilisimama kuisikiliza. Akanishika mkono akanipeleka kwa fundi wa nyuma, na pale kwenye ubao ulikuwapo mtende, lile duara la rangi ya dhahabu peke yake, limebanwa. Waliusukuma utoke ili wachonge muhuri vizuri. Kazi nzuri, usidharau: muhuri wa chuma ulikuwa tayari, makuti saba, vikapu viwili, mpaka yale maneno ya kizamani walikuwa wameyachonga bila kukosea hata kaherufi.

Nikamwonyesha laoban kwa vidole: hiki ndani ya hiki. Nikamwonyesha saa. Nikaweka mikono kifuani. Akanielewa, au alinihurumia, ni yaleyale. Fundi akaviweka kwenye mashine ya kubana, akabonyeza mara moja. Sarafu ikarudi kuwa sarafu. Ila mtende ulikuwa umelala upande, kama umepigwa na upepo, na ukiutikisa karibu na sikio, unacheza.

Kwenye basi la kurudi shetani alikaa siti ya karibu kuliko yule bibi. Akaniambia: mzee macho yake mabovu, mpe, atie mfukoni, apande gari moshi, umalize likizo yako. Nilibishana naye mpaka mjini. Sikumshinda, mwanangu, nisikudanganye. Nilishuka sijui nitafanya nini.

Mzee Yona alikuwa amekaa sebuleni pale gesti tulikofikia sote, koti amevaa, sanduku miguuni. Nikamnyooshea mkono. Akaipokea, na kabla hajatazama, kidole gumba chake kikapita juu yake, namna mtu anavyopapasa kitu anachokipapasa kila siku. Mtende ukadondoka. Ukabiringika chini ya kiti.

Nikapiga magoti kuutafuta, na nikiwa kulekule chini, nikasema yote. Uso wa mtu ukiwa huuoni, ukweli unatoka haraka. Nikasema nilijua sampuli hairudi nzima. Nikasema nilikiona kidole chake kinasita. Nikautoa mtende, nikauweka kwenye kiganja chake karibu na pete.

Alivitazama vile vipande. Mara mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, na labda alikuwa analia, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya kucheka.

"Sasa hainunui kitu tena," akasema. "Hata nikisahau. Hakuna mwenye duka atakayeipokea."

Nikatabasamu, mjinga mimi, nikasema, "Kumbe nimekusaidia, Mzee."

Kicheko kikakatika kama bomba lililofungwa.

"Hukunisaidia. Hukujua lolote. Ungetaka kujua ungeuliza, nami ningekueleza palepale Jumatatu, kabla ya samaki kuja. Heri iliyotokea hapa si yako, usiichukue. Umeshachukua vya kutosha."

Mwanangu, mimi nimechapwa viboko mbele ya shule nzima nikarudi kwenye mstari nikicheza. Siku ile nilisimama pale nikiangalia vidole vya miguu yangu, na sikuwa na utani hata mmoja.

Alifunga vile vipande kwenye leso yake. Teksi ilipofika, aligeuka mlangoni akauliza, "Na vifungo?"

"Tutavifuta, Mzee. Nitamwambia dada."

Akafikiri. "Maneno myafute. Yale waliyaandika watu wakiwa katika kufa, hayakai kwenye kiuno cha suruali. Mti uacheni. Mtende ameuumba Mungu, na kwenu nao upo." Akaondoka. Sijamwona tena.

Mama yako nilimweleza siku hiyohiyo. Aliyonifanya hayasimuliki, lakini Alhamisi tulikuwa wote kwa laoban, tunasimamia fundi akisugua yale maneno mpaka muhuri ukabaki na mti na vikapu vyake tu.

Basi nasaha zangu ni hizi. Ukiazima kitu cha mtu, muulize kimebeba nini kabla hakijatoka mkononi mwake, na ukiona kidole kinasita, mrudishie. Usimpe mwingine kitu ulichopewa wewe. Ukikiharibu, sema wewe, kabla mtende haujadondoka wenyewe. Mambo yakitokea kuwa heri, mshukuru Mungu, wewe kaa kimya. Na mama yako akikutuma tende, nenda, hata kama mvua inanyesha. Hasa kama inanyesha.

Haya, sasa angalia hicho kifungo ulichokuwa unakichezea. Hesabu makuti. Ni saba, na vikapu viwili. Ulikuwa umekivaa miaka yote hii.

Mungu akupeleke salama na akurudishe salama, akupe mikono inayorudisha vitu kama ilivyovipokea, na akukutanishe mapema na mzee wa kukukemea, kabla hujawa mkaidi kama mimi. Sema amina. Kisha kifunge, kitovu kinaonekana.