Monto Shingoni

Mjukuu wangu alipata monto kwa sababu ya kusaidia mtu. Monto ilikuwa kibao chenye kamba, cha kuvalishwa mtoto aliyesikika akiongea Kijaluo shuleni, mpaka naye amsikie mwingine amvishe. Aliyekuwa nayo Jumatatu asubuhi alichapwa viboko vya mikono. Ijumaa hiyo jirani yake wa dawati hakuelewa tofauti ya "since" na "for". Mjukuu akaeleza kwa Kiingereza, wapi. Akaeleza kwa Kijaluo. Jirani akaelewa vizuri sana, akavua monto yake akamvisha. Jina la huyo jirani ninalo mpaka leo, ila siliandiki.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukikaa Suna, upande wa barabara ya Masara. Jumatatu hiyo hiyo kulikuwa na mtihani wa Kiingereza, baada ya viboko. Basi Jumamosi yote tulifanya mazoezi. Mimi niliachia darasa la pili, kwa hivyo kazi yangu ilikuwa punje za mahindi. Akisema "go, went, gone", naweka punje moja kwa bakuli. Kama ni kweli sikujua. Nilitazama uso; akisita, siweki.

"Dana, hiyo nilisema sawa!" Ndivyo anavyoniita, nyanya yake.

"Basi sema kama mtu aliye sawa."

Jumapili bakuli lilijaa, lakini mtoto hakula. Alikuwa anaangalia viganja vyake.

Nikamuuliza, "Tangu Ijumaa, hapa nyumbani nani ameongea Kijaluo?"

"Si ni wewe, Dana. Hata sasa."

"Basi nivalishe."

Asubuhi nikapita nayo sokoni. Muuza omena akauliza kama ni dawa ya kifua. Nikamwambia ni ya Kiingereza.

Mwalimu alikuwa mbele ya mistari ya watoto, fimbo mkononi. Ndiye aliyemwoa binti wa dada yangu, kwa hivyo kwetu mimi ni mama mkwe wake: hanitazami usoni, hanigusi, na hawezi kunisalimia kwa lugha ya ofisi.

"Mwalimu," nikasema, "Kijaluo niliongea mimi. Nimekuja kuchapwa."

Fimbo ikaenda nyuma ya mgongo. Akatazama nyasi.

"Oyawore, mama," akanisalimia. Kisha, kwa Kijaluo hicho hicho, mbele ya shule nzima, akauliza hali ya nyumbani, ya ng'ombe, na ya goti langu.

Nikamjibu yote, hata goti. Halafu nikavua monto. Kwa vile simgusi mkwe, nikaiweka chini, karibu na viatu vyake.

Mjukuu aliingia kwa mtihani na mikono mizima. Monto ilibaki pale kwa nyasi mpaka mapumziko. Hakuna aliyetaka kuwa wa kuiokota.