Neno la Siri la Nyumba ya Mzamil

Mwanatumu binti Mzamil si mwanamke wa kushtuka ovyo. Risasi zimempita juu ya kichwa, amelala baharini ndani ya mashua inayovuja, amezaa kambini chini ya turubai la kuazima, na hakuna aliyewahi kumsikia akipiga ukunga. Lakini alasiri ile, Ras Kamboni, alipotazama kioo cha laptopu akaona zimo simu mbili ndani ya waifai yake badala ya moja, alishtuka. Alikaa chini pale pale mlangoni, hata mkeka hakuutafuta.

Simu moja ilikuwa yake. Ya pili ya nani? Waifai yenyewe ndiyo kwanza iwake, jasho la kazi halijamkauka usoni. Neno la siri la kuingilia hakuwa amempa mtu. Na neno lile, wallahi, alijua fika kwamba juu ya mgongo wa ardhi wamebaki wawili tu wanaolijua: yeye na mama yake. Wengine wawili walikuwa wamekufa. Baba yake kazikwa Mombasa. Kaka yake, Badi, hata kaburi hana.

"Mama," aliita. "Mama, ama Badi yu hai, ama Badi alilitoa neno letu kabla hawajamuua."

Mama yake, Bi Fathiya, alikuwa kitandani akisuka ukili. Hata mkono haukusita.

"Umeanza wazimu," alisema. "Kunywa maji."

Si wazimu, jamani. Sikilizeni kwanza, kisha mseme.

Koyama, kisiwa cha Wabajuni kusini ya Kismayu alikozaliwa Mwanatumu, kulikuwa na ada. Kila nyumba ya wavuvi ilikuwa na mwamba wake baharini, na mwamba ule ulikuwa na jina ambalo hulijui ila umezaliwa nyumba hiyo au umeolewa humo. Wa nyumba ya Mzamil uliitwa Jiko la Mwanalima, kwa jina la bibi yao mzaa baba, kwa sababu aliyetia ndoana pale hakurudi mikono mitupu. Mzee Mzamil aliwachukua wanawe mmoja mmoja, akawaonyesha jinsi ya kuulenga mwamba kwa kutazama msikiti na ncha ya kisiwa, kisha akawaapisha. "Atakayelitaja jina hili mbele ya mchu, mtu wa nje," alisema, "amemvua mamake nguo sokoni." Sasa mtoto mdogo ukimwambia maneno kama hayo, atalala vipi? Badi hasa, aliyempenda mama yake kupita kiasi, alilibeba neno lile kama mtu aliyebeba yai mkononi.

Kisha, mwaka wa tisini na moja, serikali ikaanguka. Wenye bunduki walishuka visiwani wakachukua mashua, mashine, nyavu, masufuria, na nyumba nyingine wakang'oa hata milango. Hayawani wale! Mzamil aliwapakia mke na binti kwenye mashua ya jirani yake Fakihi, naye akapanda. Badi alibaki nyuma kidogo kuificha mashine ya boti yao, akasema atawakuta Kiunga, ng'ambo ya mpaka. Hakuwakuta. Habari zilikuja na wakimbizi wa nyuma: Badi kashikwa, kafanywa nahodha wa wenye bunduki, kisha kapigwa risasi ufukweni Kismayu. Mzee alimsalia mwanawe sala ya ghaibu, matanga yakakaliwa kambini Mombasa, na tangu hapo kila hitima ya nyumba ile jina la Badi lilisomwa. Mzee mwenyewe alifia kambini, na jina la mwisho kinywani mwake, baada ya la Mungu, lilikuwa la mwanawe.

Hiyo ndiyo nyumba ya Mzamil. Sasa waifai.

Watu walipoanza kurudi pwani, vita vikiwa bado havijaisha, Mwanatumu alimleta mama yake Ras Kamboni, maana Koyama alikuwa bado haiamini. Alitaka jambo moja: mama huyu azione nyuso za jamaa zake waliotawanyika Mombasa na Ulaya kabla hajafumba macho. Mtandao ulishika juu ya mlingoti tu, kwenye rauta yenye kadi ya simu, na waifai ya rauta hiyo ilikuwa dhaifu mno, haifiki hata kitandani kwa Bi Fathiya. Ndipo binamu yake Ahmed, wa Mombasa, akamtumia kile kisahani.

Ni kisahani kweli, cheupe, cha mviringo, ungeweza kulia pilau. Kazi yake ni kuchukua mtandao kwenye waya na kuumwaga hewani, watu waupate mbali. Ahmed alikitoa kwenye hoteli iliyofungwa. Huko vilikuwa vingi darini, na vyote vikingoja amri ya sanduku moja kuu: jina liwe hili, neno la siri liwe hili, huyu aingie, yule asiingie. Mwanatumu alikichomeka kwenye umeme wa sola, kitaa kikaanza kupepesa. Kikapepesa, kikapepesa, hakuna lolote.

"Dada, kinalitafuta sanduku lake," Ahmed alimwambia kwa simu. "Nilisahau. Bila lile hakifanyi kazi."

"Basi kitalitafuta mpaka kiyama! Mimi Ras Kamboni sanduku nitalitoa wapi? Sisi wenyewe tangu tisini na moja tunaishi bila wa kutuamuru, tunapika na tunakula. Yeye kisahani ni nani hata ashindwe?"

Ahmed alicheka mpaka akakohoa. Akaenda kuwauliza mafundi wenzake, akarudi na jibu: kinaweza kusimama peke yake, ila lazima kwanza kisahaulishwe mambo ya hotelini, kisha kiambiwe chenyewe kwamba hakina bwana.

Mwanatumu alinyoosha ndoana, akaichomeka kwenye kitundu kidogo nyuma ya kisahani, akakandamiza mpaka kitaa kikazima na kuwaka upya. Akavuta waya kutoka kwenye kisahani mpaka kwenye laptopu, akaandika namba aliyopewa, ukurasa wa kisahani ukafunguka. Hapo palikuwa na swali: kitaongozwa au kitajitegemea? Akachagua kujitegemea. Jina la waifai? Akaandika Nyumba ya Mzamil Koyama, ili aliye wa kwao akipita alione. Neno la siri? Akaandika fupi, likakataliwa. Lazima herufi nane au zaidi.

Mtu mwingine angeandika namba yake ya simu akaenda zake. Mwanatumu ni Mbajuni. Kwake, neno la siri ni neno la siri. Alilitafuta moja ambalo hakuna kiumbe atakayelibahatisha, nalo likamjia lenyewe: jikolamwanalima. Aliliandika mdomo kaufumba, utadhani herufi zina masikio. Akahifadhi, akauchomoa waya kwenye laptopu akauchomeka kwenye rauta, akakifunga kisahani chini ya upenu. Kitaa kikatulia, kikawa hakipepesi tena. Alipiga kigelegele peke yake! Akaiunga simu yake, akaiunga laptopu hewani, akaufungua tena ule ukurasa apate kujisifu kidogo.

Ndipo akaziona simu mbili.

"Mama," alisema sasa, akijikongoja kusimama, "waifai hii haivuki pale zinapotia boti. Mwenye simu yuko pale. Nakwenda. Nikipunga kanga, wewe chomoa plagi hii ya kisahani."

"Mimi nichomoe umeme?"

"Wewe, mamangu. Leo usinibishie."

Ufukweni palikuwa na boti iliyotoka Kismayu, na abiria wamejibanza kivulini na simu zao. Mwanatumu alizipitia nyuso moja moja. Alimtafuta kijana mrefu mwenye pengo la jino, kisha akajikumbusha kwamba kijana yule angekuwa mzee sasa. Akapunga kanga. Mlangoni, Bi Fathiya akachomoa.

Mtu mmoja aliinua simu yake juu, akaitikisa, akageuka kuitazama nyumba. Mzee wa Kisomali, ndevu kazitia hina, kakaa juu ya gunia. Hakuwa Badi. Mwanatumu alimwendea. Basi limebaki lile jingine, alijiambia. Walimtesa mpaka akasema.

"Wewe! Neno la nyumba yetu umelipata wapi?"

Mzee alisimama, uso umemsawijika. "Wewe ni wa nyumba ya Mzamil?" Kiswahili chake kilikuwa cha bandarini, lakini kimenyooka.

"Mimi ndiye ninayeuliza!"

Jina lake lilikuwa Abdulrahman. Alisema wakati ule alikuwa kijana na bunduki, na hakuna alilolifanya analojivunia. Walimshika nahodha mmoja Koyama, jina lake Badi. Chakula kilipowaishia baharini, mkubwa wao alimwekea Badi mtutu sikioni: tupeleke kwenye samaki, au tukutupe. "Akatupeleka," alisema. "Tulivua, tukala. Yeye hakula. Alilia, akisema Jiko la Mwanalima, Jiko la Mwanalima, nimemvua mama nguo."

Kofi lilimtoka Mwanatumu kabla hajajua.

"Kisha mkamuua," alisema.

Abdulrahman alilishika shavu lake. "Nani kakwambia? Aliyepigwa risasi Kismayu ni nahodha mwingine. Badi nilimtorosha mimi, na mimi mwenyewe nikatoroka naye. Yuko Bosaso, kaskazini kabisa, anaunda boti. Ana mke. Jina la Nyumba ya Mzamil nililiona kwenye simu. Nikaandika Badi, ikakataa. Jambo jingine la nyumba yenu nilikuwa silijui ila lile. Nikaandika, mlango ukafunguka. Tangu hapo nimekaa hapa, sithubutu kubisha hodi."

"Hai?" Mwanatumu alisema. "Badi? Badi wetu?"

"Hai, abaayo, dada yangu."

Lahaula! Hitima zilizosomwa, ubani uliochomwa, mzee aliyekufa akiita! Mwanatumu alitaka kulia, alitaka kumpiga tena, alitaka kumbusu mikono. Hakufanya hata moja. "Mbona hakututafuta?" aliuliza, na hilo likamtoka kwa hasira. "Simu zimejaa dunia nzima!"

"Nilimsihi mara nyingi. Jibu lake ni moja: baba nitamtazama kwa uso gani? Mwamba alionipa nimewapa maadui."

Mwanatumu alimkokota mzee wa watu kwa mkono wa shati mpaka nyumbani. Bi Fathiya alikuwa angali kaishika plagi. Alisikiliza yote, na yalipokwisha aliuliza jambo moja tu.

"Kwa sababu ya mwamba?"

"Kwa sababu ya mwamba, mama."

Bi Fathiya alijipiga paja. "Ya Rabi toba," alisema, na midomo ikaanza kumcheza. "Mwamba gani? Ule ni mwamba mmoja, Koyama nzima ikivua pale. Sisi tukiuita jina letu, kina Fakihi wakiuita lao, kina Jamali lao. Waume wote wakijua. Walikuwa wakiwaapisha watoto ili wajifunze kufunga mdomo, basi. Mtoto akishakua akaoa au akaolewa, babake humwambia usiku wa harusi, wakacheka."

"Na mimi?" Mwanatumu alisema. "Mimi mbona hamkuniambia?"

"Uliolewa kambini, mwanangu. Babako alikuwa hana kicheko tena. Nami nilisahau. Nani angekumbuka mzaha katika mambo yale?"

Maisha ya mtu mzima yameteketea Bosaso kwa sababu vita vilikuja kabla ya harusi yake. Mwanatumu aliichukua plagi, akaichomeka. Wakangoja kitaa kitulie, na Abdulrahman akapiga simu ya video.

Uso uliotokea ulikuwa wa mzee mwenye mvi. Alianza kumwamkia Abdulrahman kwa Kisomali, kisha akauona uso wa pili, kisha wa tatu. Pengo la jino lilikuwa pale pale.

"Badi," Bi Fathiya alisema. "Hebu nisikilize kabla hujakimbia tena." Akamwambia habari ya mwamba, yote, maneno yakimkwama na yakitoka.

Badi alisikiliza kaziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kumtikisika, na hawakujua ni kilio au kicheko mpaka sauti ilipotoka, na ilikuwa vyote viwili.

"Mzee yule!" alisema. "Mzee yule, Mungu wangu! Kumbe mchezo! Mama, mpe baba simu. Nataka anambie yeye mwenyewe. Mpe, nimsikie akicheka."

Bi Fathiya aliiteremsha simu mapajani. Alimtazama binti yake, na binti yake akamtazama yeye. Abdulrahman aliinuka polepole akatoka nje.

Mwanatumu ndiye aliyeichukua simu.

"Badi, ndugu yangu," alisema. "Keti chini kwanza."

"Sitaki kuketi," Badi alisema, angali akicheka, akijipangusa macho. "Mpe baba simu."