Alama za Ngamia wa Weris

Hinda Abdihafid ni mtu wa kompyuta, na mjini Garissa hilo lina maana kwamba kila mwenye simu iliyokwama humletea yeye. Zamani alikuwa akieleza kwamba kazi yake ni kuunda tovuti, si kutengeneza simu. Siku hizi haelezi tena. Huichukua, huizima, huiwasha, humrudishia mwenyewe, naye mwenyewe huondoka akimwombea dua.

Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la magodoro, anachotumia pamoja na Mohamedamin, mwenzake tangu chuoni, mtu wa mdomo mwingi lakini mkono wake mwepesi kazini. Wameunda tovuti za shule, za maduka, za watu waliotaka tovuti bila kujua wanaitakia nini. Ila kazi ambayo Hinda aliipenda kuliko zote ni ile aliyomfanyia ami yake.

Ami huyo anaitwa Kulow, anaishi Tarbaj, kule Wajir, na Hinda humwita adeer, kama Wasomali wanavyomwita ndugu wa baba. Kulow hutunza mifugo iliyopotea. Mnyama akionekana anazurura bila mwenyewe, hupelekwa bomani kwake, hulishwa na kunyweshwa mpaka mwenyewe atokee. Hana cheo cha serikali. Watu wanamwamini tu, basi. Na utaratibu wake ni mmoja. Hutangaza visimani na sokoni kwamba kuna ngamia jike ameokotwa, akaishia hapo. Chapa iko wapi, sikio limekatwaje, kovu liko mguu gani, hayo hayasemwi. Anayedai ndiye ayataje, tena mbele ya shahidi. Akibabaika, kwaheri ya kuonana.

Hinda akaona jambo hili linafaa kuingia kwenye simu. Mtu wa Kutulo angejua kilichookotwa Tarbaj bila kupanda gari. Kulow alikubali kwa sharti moja. "Alama zisitoke," alimwambia. "Zikitoka, mimi sina kazi tena, na watu hawana mifugo."

"Hazitatoka, adeer. Wallahi."

Upande wa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, alitumia programu ya Django, ambayo huandaa ukurasa mzima na kuutuma kwenye simu ya msomaji. Lakini ukurasa wa maandishi matupu haukumridhisha. Wafugaji wanataka kugusa, hawataki kuandikaandika. Basi akaunda wijeti kwa JavaScript, msimbo unaoendeshwa na simu yenyewe: picha ya ngamia unayoigusa shingoni, sikioni, mguuni, kisha unachagua umbo la chapa. Ukipatia yote, kijani kinawaka na unapewa namba ya kumwonyesha Kulow.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Kuoanisha vitu viwili hivi kuna kazi yake. Seva huleta maandishi ya kawaida. Wijeti ikishaamka ndani ya simu, huyafunika maandishi yale na kuweka picha mahali pake. Hinda alijua mtandao wa kaskazini unavyosuasua, kwa hiyo hakutaka kila mguso uende mpaka kwenye seva na kurudi. Aliamua majibu sahihi yatumwe pamoja na ukurasa, wijeti iyafiche na kulinganisha hapo hapo kwenye simu. Alijaribu kwa mtandao wa ofisini. Ilikimbia ajabu! Mohamedamin alitazama akapiga mluzi.

"Leo umetuua," alisema. "Hata Nairobi hawana hii."

Hinda akavimba kichwa, na nani asingevimba? Mifugo ikaanza kurudi kwa wenyewe. Kulow naye aliipenda kazi ile mpaka akaacha kuwahoji watu. Mtu akija na namba na kijani chake, lango linafunguliwa.

Halafu Kulow akapiga simu asubuhi moja, Hinda hata chai hajamaliza, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Kuna mama hapa," alisema. "Anaitwa Weris, ametoka upande wa Kutulo. Anamtafuta ngamia wake mwenye maziwa. Ametaja chapa, ametaja sikio, ametaja kovu la mguuni. Kisha akataja na doa jeupe chini ya mkia, ambalo hata kwenye simu yako hatukuliweka. Nililiona kwa macho yangu mimi mwenyewe."

"Basi mpe ngamia wake, adeer."

"Nimempa mtu mwingine juzi. Alikuja na kijani."

Kwanza Hinda alijitetea moyoni: yule mtu atakuwa alimjua ngamia, atakuwa jirani wa mama. Lakini Weris alikuwa amekwisha kuulizwa hilo, na hakumjua mtu huyo. Simu ya mwanamume yule ilikuwa imezimwa. Watu wa kisimani walimwona akimpakia ngamia kwenye lori, lori likashika njia ya kusini, ya kuja Garissa.

"Adeer," Hinda alisema, "fungua ukurasa wa ngamia yeyote kwenye simu yako. Niambie unachoona, kimoja kimoja."

"Naona jina la tovuti. Naona ngamia jike, ameokotwa. Naona, chapa, shingo, upande wa kushoto. Sikio la kulia limepasuliwa..."

"Unaona wapi hayo?"

"Hapa, yameandikwa. Sasa kinazunguka. Kinazunguka bado. Haya, sasa picha imekuja na maandishi yameondoka."

Hapo Hinda akaelewa. Mtandao ukiwa dhaifu, ukurasa wa seva ulifika kwanza, na JavaScript ikaja nyuma ikijikokota, au isije kabisa. Muda wote huo siri ya Kulow ilikuwa nje, inasomeka na yeyote mwenye macho. "Tangu lini unaona hivyo?" aliuliza.

"Tangu siku ya kwanza. Nilidhani unanionyesha mimi kwa kuwa ndiye mlinzi."

Ebo! Angalicheka, kama si aibu iliyomwingia mpaka kwenye mifupa. Alimweleza yote bila kuficha. Kulow hakumkaripia, na hilo lilimuuma zaidi. Alisema tu kwamba naye ana lake: aliacha kuuliza kwa sababu ya uvivu.

Hinda alifunga tovuti saa hiyo hiyo. Siku ya soko la mifugo la Garissa alikwenda mwenyewe, na Mohamedamin pembeni bila mzaha hata kidogo, wakapita ngamia kwa ngamia wakitazama shingo na masikio. Madalali walimuuliza kama anaolewa na anajichagulia mahari, maana anachagua kwa makini hivyo. Doa jeupe chini ya mkia hawakuliona popote.

Kurekebisha msimbo hakukuwa kazi kubwa, na hilo nalo lilimkasirisha. Majibu sahihi yalibaki kwenye seva, hayasafiri tena kwenda popote. Ukurasa ulifika mtupu. Wijeti ilipeleka tu kile mtu alichogusa, na bila JavaScript mtu aliweza kujaza kwa maandishi. Hakuna kijani tena. Seva ilimwambia kila mtu neno moja, aende kwa Kulow akahojiwe mbele ya shahidi. Mohamedamin aliizima JavaScript kwenye simu yake mbovu, akafungua kurasa zote, akapekua mpaka ndani ya msimbo wa ukurasa akitafuta alama. Hakupata kitu.

"Ndivyo ingekuwa tangu mwanzo," Hinda alisema.

"Na mimi ndiye niliyepiga mluzi," Mohamedamin alijibu.

Lakini Weris alikuwa bado Tarbaj, nyumbani kwa Kulow, na watoto wake Kutulo hawana maziwa. Kulow akapiga tena. Alisema ngamia alipotelea mikononi mwake, kwa hiyo atamtoa jike mmoja katika wake.

"Hapana," Hinda alisema. "Mtoe wangu."

Kwao, mtoto akizaliwa hupewa ngamia, na ngamia huyo na uzao wake ni mali ya mtoto maisha yake yote. Wa Hinda alitolewa na Kulow. Uzao ule ulikuwa umepukutika kwa ukame, akabaki jike mmoja, mwenye ndama, ambaye Hinda alikunywa maziwa yake kila likizo ya shule.

"Huyo ndiye wa mwisho," Kulow alisema.

"Najua. Mtoe na ndama wake."

Alisema kwa sauti kavu, kisha akaweka simu mezani na kulia, na Mohamedamin akajitia kuwa ana kazi huko chini dukani.

Jioni Weris mwenyewe aliomba kuzungumza naye. Hinda alimwita eddo, yaani shangazi, kwa heshima, akamwomba radhi, akaanza kumweleza habari za seva. Weris alimkatiza.

"Mwanangu, nimemchukua, kwa kuwa watoto wanataka maziwa. Mungu akulipe. Lakini huyu si wangu. Wangu nilimzalisha kwa mikono hii miwili, na akisikia sauti yangu anageuka. Huko aliko sasa, nani anamwita?"

"Najua, eddo," Hinda alisema. "Najua."

Alipoifungua tovuti tena, ukurasa wa kwanza aliouweka ulikuwa wa ngamia yule. Aliandika kwamba ni jike, anatafutwa, mwenyewe ni Weris wa Kutulo, na habari zipelekwe kwa Kulow, Tarbaj. Hakuandika neno zaidi.