Ndege Niliyoichagua kwa Wivu

Siku ile naikumbuka kwa miguu kabla sijaikumbuka kwa kichwa. Mwanangu, kaa nikueleze, maana nasikia siku hizi mnachagua ndege kwenye simu kama mnavyochagua viatu vya Jumapili, mkiangalia kwanza mwenzenu amevaa vipi. Mimi nilichagua hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka sitini na miwili. Usicheke, kwangu huo ulikuwa ujana. Nilikuwa napandisha mlima wa Marangu na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani bila kupumzika, na kwenye kwaya ya kanisa letu hakuna aliyenizidi sauti. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa kiburi nilikuwa profesa.

Binti yangu Anjela ni mmoja tu. Aliolewa na kijana anaitwa Godlisten, wakaenda kuishi Kanada. Baada ya miaka mitatu akanipigia: ana mimba, na daktari ameshapanga siku ya kumfanyia upasuaji. Niliruka, nikamwaga ndoo ya maziwa. Kwetu Uchaggani mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua, hawekwi ndani ili apumzike tu. Anatunzwa miezi mitatu kama malkia. Hagusi ufagio, hachoti maji, anakandwa, analishwa mtori wa ndizi na nyama na maziwa mpaka mashavu yang'ae. Na anayeanza kazi hiyo ni mama wa mume. Desturi ndivyo ilivyo na mimi nilikuwa naijua vizuri sana, kwa sababu mama mkwe wangu ndiye aliyenilisha mimi. Lakini kuijua desturi ni jambo moja, na kumwachia mtu mtoto wako wa pekee ni jambo lingine.

Mama mkwe wa Anjela alikuwa Mama Godi, mama yake Godlisten. Watu wa ukoo wa mumewe walishuka Chekereni zamani, kule tambarare, kihamba, shamba la ukoo, kilipowaishia huku juu, wakawa wakulima wa mpunga. Mwanamke mwembamba, anaongea taratibu kama anaogopa kumwamsha mtoto. Upole wake ulinikera kuliko matusi. Siku ya harusi watu walisifia wali wake mpaka nikatamani kuondoka na sufuria zangu. Mbege yangu, pombe yetu ya ndizi, waliinywa ikaisha, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kusema asante. Tangu siku ile nikawa namhesabia: amevaa nini, ameitwa wapi, Anjela amempigia simu mara ngapi wiki hii.

Basi Anjela akapiga tena.

"Mama, tumewashikia nafasi wote wawili. Ndege moja, viti vimefuatana. Mnabadilisha mara moja tu, mnapumzika pale saa nne, mnafika Alhamisi jioni. Siku hiyo hiyo mimi natoka hospitali. Wewe nimekuwekea kiti cha kando ya njia, kwa ajili ya magoti yako."

"Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Mkwe wako."

"Yeye dirishani. Kwani kuna nini, Mama?"

Mwanangu, mtoto wangu alikuwa amekaa na tumbo lake lile kubwa akasoma habari za ndege moja moja. Ipi ina viti vya kunyoosha mguu, ipi haichelewi, ipi chakula chake mzee anaweza kukitafuna, ipi itanitafutia mtu wa kunishika mkono kwenye uwanja mkubwa nisipotee. Yote hayo sikuyasikia. Nilichosikia ni kwamba Mama Godi amepewa dirisha, na kwamba tutaingia mlango mmoja wakati mmoja, na kwa desturi yeye ndiye atakayeshika mwiko. Mimi nitakaa kwenye kochi kama mgeni, nimpigie makofi.

Kesho yake nikavaa kitenge changu kizuri nikashuka Moshi mjini, kwa wakala wa tiketi. Kulikuwa na binti pale anaitwa Upendo, ana kucha ndefu na adabu nzuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nataka ndege inayofika Kanada kabla ya hii." Nikamwonyesha karatasi ya Anjela.

Akaisoma, akatikisa kichwa. "Bibi, hii waliyokuchagulia ni nzuri. Hata mimi ningempandisha mama yangu."

"Mpandishe mama yako. Mimi nataka ya kufika kabla."

Akabonyeza, akabonyeza. "Ipo moja inafika Alhamisi asubuhi. Lakini unabadilisha mara mbili, na hapo katikati muda ni mdogo, itabidi ukimbie. Viti vyake vimebanana. Na kiti cha kando ya njia kimekwisha, kimebaki cha dirishani."

"Dirishani!" nikasema. "Hicho hicho."

"Bibi, ni saa nyingi. Ukitaka kwenda chooni utawapita watu wawili."

"Mimi natoka Marangu," nikamwambia. "Nimebeba majani miaka hamsini. Kukaa kwenye kiti ndiyo kazi ya kunishinda?"

Nafasi ile ya kwanza ilikuwa bado haijalipiwa, kwa hiyo nikampigia Anjela nikamwambia ibadilishwe. Akabembeleza. Akasema Mama Godi hajawahi kupanda ndege, atamtegemea nani? Nikamuuliza, "Wewe amekuzaa nani, mimi au yeye?" Akalia. Mtoto mwenye mimba ya miezi minane, nikamliza kwa sababu ya kiti. Lakini nilipata nilichotaka, na nilirudi nyumbani naimba.

Nilisafiri na viatu vipya vya kubana, maana nilitaka Godlisten anione nimefika nimependeza. Ndege ya kwanza sikuona shida. Ya pili ndiyo ile ndefu. Nikakaa dirishani kwangu, na nje hakuna cha kuona, weupe tupu kama umeingia kwenye ukungu wa juu kule msituni. Pembeni yangu wakakaa wanaume wawili wakubwa. Kabla hatujatulia wakafunika nyuso zao wakalala. Magoti yangu yalikuwa yamegusa kiti cha mbele, na aliye mbele akakilaza kiti chake juu yangu kama vile sipo.

Haja ndogo ikanishika. Ningewaamsha vipi? Kiingereza sijui, na mwanamke wa umri wangu kuwaparamia wanaume miguuni ni aibu. Nikabana. Mhudumu akaja na maji nikakataa, nikasema nisipokunywa sitaenda. Akaja na chakula, sikukitambua, nikakataa. Nikakaa hivyo, mwanangu, saa juu ya saa, kama gunia la kahawa lililosahauliwa ghalani. Unajua nilikuwa nafikiria nini muda wote ule? Mama Godi. Nilikuwa najiambia, acha niumie, lakini yeye akifika atanikuta nimeshika mwiko. Nilipata raha kabisa. Wivu unaweza kukufanya ukae juu ya misumari na ukatabasamu.

Ndege ile ikachelewa kutua. Mlango wa ndege ya tatu nikaukuta umefungwa. Nilikimbia, ndiyo, nilikimbia na viatu vile, nikapigapiga kioo kwa kiganja, na ndege yangu naiona pale nje. Wakanipa karatasi ya kupanda nyingine baadaye sana. Nikasubiri kwenye benchi la chuma siku nzima, nikavua viatu, na nilipotaka kuvivaa tena havikuingia. Miguu ilikuwa imejaa kama magogo ya mgomba.

Nilifika Ijumaa mchana, bila begi, maana begi nalo lilipotea katika kubadilishwa huko. Ndani yake kulikuwa na unga wa ndizi niliokausha na kusaga mwenyewe kwa ajili ya mzazi wangu. Godlisten alinisukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye gari. Tulipofika kwao mlango ulifunguliwa kabla hajagonga.

Alikuwa Mama Godi. Amefunga kanga kiunoni, ana mwiko mkononi.

"Karibu, Mama Anjela," akasema kwa sauti yake ile ya taratibu. "Pole na safari. Mtori uko tayari."

Nilitamani kurudi nilikotoka, kwa miguu.

Godlisten akanipeleka kwa daktari, mwanamke kijana kama mjukuu wangu. Akaniminya mguu, shimo likabaki kama umeminya unga uliokandwa. Godlisten akanitafsiria: kukaa muda wote ule bila kunyanyuka na bila kunywa maji kungeweza kugandisha damu nikafa. Sasa nilale miguu juu, wiki mbili, na jikoni nisisimame. Jikoni, mwanangu! Palepale nilipovukia bahari ili nikasimame.

Basi ndani ya nyumba ile kukawa na wazazi wawili wanaolishwa: binti yangu chumba kile, mimi chumba hiki. Na anayetulisha ni mmoja. Nilikuwa nasikia ukutani anamwogesha mtoto, anamwimbia wimbo wa Kichagga ambao mimi naujua vizuri kuliko yeye, na maneno mengine anayavuruga. Na mtoto alikuwa wa kike. Kwa desturi yetu binti wa kwanza anachukua jina la mama wa baba, kwa hiyo mtoto akaitwa Manka, jina la Mama Godi. Nilikuwa nageukia ukutani ninaposikia linatajwa.

Siku ya tatu akaja na bakuli, nikafumba mdomo.

"Mama Anjela," akasema, "nikikulisha utasema nimekudharau. Nisipokulisha utasema nimekunyima. Niambie mwenyewe nishike lipi."

"Sina njaa."

"Tumbo lako limenguruma mpaka mtoto amestuka."

Nikafungua mdomo. Niliomba Mungu ule mtori uwe na chumvi nyingi, au umeungua. Ulikuwa wa ndizi za dukani zisizo na jina, na ulikuwa mtamu. Ulikuwa mtamu kuliko wa kwangu. Nimekaa na neno hilo miaka yote hii bila kumwambia mtu.

Alipomaliza akatoka, akarudi na mtoto, akamlaza kifuani kwangu. Nikaanza kulia. Nikamwambia yote, kwamba nilibadilisha ndege ili nifike kabla yake, nishike mwiko kabla yake. Akachukua nepi, akaanza kuzikunja.

"Sikujua kama tulikuwa tunashindana," akasema. "Ungeniambia, ningechelewa."

Hakuwa ananisuta. Ndiyo maana lilinichoma. Mwanamke yule alikuwa amekaa peke yake kwenye ndege kwa mara ya kwanza maishani, kiti cha pembeni yake, kile cha kando ya njia kilichokuwa changu, kimekaliwa na mtu asiyemjua, na mimi siko. Aliniambia baadaye kwamba aliomba rozari nzima mara tatu, na yeye si Mkatoliki, ni Mlutheri. Alikuwa amenisikia mimi nikiisali msibani.

Miezi mitatu ilipokwisha tulirudi nyumbani pamoja, kwa ndege ile aliyoichagua Anjela. Kila baada ya muda Mama Godi ananigusa bega: "Simama, twende tukatembee." Tunakwenda mpaka nyuma, tunarudi, watu wanatutazama, vikongwe wawili na kanga zao. Nilinyoosha miguu, nilikunywa maji nilivyotaka. Nikalala usingizi.

Wiki ile ile nikakata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba changu, nikapanda bodaboda mpaka Chekereni. Kwetu anayekujia na sale amekuja kuomba msamaha, na huwezi kumrudisha. Nilimkuta anapepeta mchele uani. Akaliangalia lile jani, akacheka mpaka ungo ukayumba.

"Mae! Sale kwa ajili ya tiketi?"

"Lipokee, usinichoshe. Jua ni kali huku kwenu."

Akalipokea kwa mikono miwili.

Nisikudanganye kwamba wivu uliondoka siku ile. Manka sasa ni msichana mkubwa, na akipiga simu anauliza kwanza habari za Chekereni. Hunichoma kila mara. Lakini sasa naumwa moyo tu, miguu yangu nimeiondoa kwenye ugomvi huo.

Kwa hiyo mwanangu, ukiwa na safari ndefu, chagua ndege kwa mwili wako. Usiulize rafiki yako amepanda ipi wala amepiga picha akiwa amekaa wapi. Yeye hatakuja kukukanda. Tafuta inayobadilishwa mara chache, na hapo katikati upate muda wa kutosha kutembea kama mtu, usikimbie kama mwizi. Uliza kiti kina nafasi gani ya goti. Kama unanyanyuka mara kwa mara, kaa kando ya njia na dirisha waachie wengine. Mawingu ni mawingu. Sema mapema unakula nini na unahitaji msaada gani, usione haya, na ukibanwa waamshe hao waliolala, watalala tena. Vaa viatu vilivyokuzoea. Na kama kuna mtu wa kwenu anakwenda huko huko, hata yule usiyempenda, hasa yule usiyempenda, panda naye.

Nenda salama. Ruwa, Mungu wa baba zetu, akushike mkono huko juu, akushushe na miguu yako mizima, na mlangoni ukute mtu anayekungoja na chakula cha moto, hata kama amefika kabla yako.