Friji ya Waini na Dawa ya Kukhu

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiitaja uso huona haya kabla mdomo haujamaliza. Umenionyesha picha za friji za waini kwenye simu yako, ukaniuliza, "Mama, kati ya hizi nichukue gani?" Nikanyamaza, nawe ukadhani sizijui. Nazijua. Niliwahi kuwa na moja humu humu Kakamega, wakati majirani zetu wengi hawakuwa na friji ya aina yoyote. Keti nikueleze, kwa maana hadithi hii dada yako Rose anaijua nusu tu, na wewe hukuwa umezaliwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya neema ya miwa. Trela zilipita mchana kutwa zikidondosha mabua, watoto wakiyakimbilia. Baba yako alikuwa na miwa kule Navakholo na trekta ya kusombea miwa ya wenzake, na wakulima walikuwa wamemchagua awasemee kwenye kiwanda cha sukari. Kwa ajili hiyo tukaanza kualikwa kwa wakubwa. Mimi, msichana wa taipu katika ofisi ya serikali, nikajikuta nimeketi kwenye kiti cha ngozi nyumbani kwa mhandisi mmoja Mzungu, nimeshika glasi ya waini yenye shingo nyembamba. Nisikudanganye, ladha yake sikuipenda. Nilichopenda ni kule ilikotoka: friji fupi nyeusi, yenye mlango wa kioo na taa ndani, chupa zimelala kwenye rafu zake kwa adabu. Nilirudi nyumbani nikiiwaza kama mtu anavyowaza mchumba.

Sasa, wakati huo Kukhu, mama yake baba yako, alikuwa amehamia kwetu hapa mjini, mtaa wa Shieywe. Alipatwa na ugonjwa wa sukari, na daktari akaamuru adungwe sindano kila asubuhi. Dawa yenyewe haitaki joto. Tuliihifadhi kwenye chungu kilichozikwa katika mchanga uliolowa, pale pembeni mwa jikoni, na kila siku nililowesha ule mchanga. Ndipo baba yako akasema tutafute friji.

Mkataba wa yule mhandisi ulipoisha, akauza vyombo vyake. Tukaenda. Katika gereji yake kulikuwa na friji mbili: ile ya kioo, na nyingine kubwa nyeupe, ya kawaida, iliyoshika kutu kidogo miguuni. Uwezo wetu ulikuwa wa kununua moja. Mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, alituonya. "Hii ndogo ni ya waini tu. Baridi yake kidogo. Maziwa hapana, nyama hapana. Nyumba ya watu inataka ile kubwa."

Baba yako akanigeukia. "Mama Rose, wewe ndiye utakayekaa nayo. Chagua."

Nikachagua kioo. "Dawa ya mama ni kichupa kidogo tu," nikasema. "Kitapata nafasi." Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, lakini mimi nilikuwa nikinunua mlango.

Hata jikoni sikuiweka. Niliiweka sebuleni, ikitazamana na mlango wa mbele, ili anayeingia aione kabla hajaamkia. Dawa ya Kukhu nikaiweka rafu ya chini, imefungwa kwa leso. Yeye mwenyewe hakulalamika. Alikuwa mtu wa utani. Alicheka akasema, "Dawa yangu siku hizi inalala na walevi. Angalieni isije ikaniamkia na kelele."

Basi ikafika Jumamosi hiyo. Tulikuwa na wageni: maofisa wawili wa kiwandani na wake zao, na wenzangu wa ofisini. Nikapanga chupa, nikawasha taa ya friji, nikarudi nyuma nitazame. Na pale chini, katikati ya uzuri wote ule, ikaonekana ile leso, na kichupa, na sindano. Machoni pangu vilikuwa kama kidonda usoni pa bibi harusi. Nikavitoa. Nikavipeleka stoo, juu kabisa ya kabati, chini ya mabati. Unajua mabati ya Januari yalivyo, mwanangu. Saa sita mchana huwezi kusimama chini yake bila kutokwa jasho.

Kisha nikafanya jingine, na hili ndilo linalonichoma zaidi. Kukhu alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kujifunga kitambaa cheupe, tayari kuwapokea wageni wa mwanawe. Nikamwambia, "Mama, si heri upumzike chumbani? Watu hawa wanavuta sigara." Akanitazama kidogo. "Sawa," akasema. Akaingia chumbani, akaketi kitandani na gauni lake la kanisani, akisikiliza vicheko vyetu kupitia ukutani. Mgeni mmoja aliponiuliza, "Na mama mzee yuko wapi?" nikajibu kwamba amelala.

Wageni waliisifu friji ile mpaka nikanenepa. Walipoondoka waliacha chupa za zawadi, nikazipanga, nafasi ya dawa ikajaa. Nikasema nitairudisha kesho. Kesho, kama ujuavyo, haina mwenyewe. Kila asubuhi nilipanda kigoda stoo, nikavuta dawa kutoka kwenye kile kichupa chenye joto, nikamdunga Kukhu. Macho yake yalikuwa yamefifia, asingeweza kuona kitu. Mimi niliona. Dawa ilikuwa imeanza kuwa na chembechembe, kama maziwa yanayotaka kukatika. Nikaitikisa, nikaendelea.

Kukhu akaanza kunywa maji kama ardhi iliyopasuka. Akanywa mtungi, akaomba tena. Miguu ikamwishia nguvu. Kisha asubuhi moja nilimwita asiitike, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Baba yako alimbeba mikononi mpaka kwenye gari, tukamkimbiza Mukumu, hospitali ya misheni. Walimtundikia maji, wakahangaika naye. Nilisali sala zote nilizofundishwa, lakini chini ya kila sala kulikuwa na nyingine ndogo, chafu: Mungu, wasije wakajua.

Mungu alimrudisha. Alipopata fahamu na kuweza kusema, muuguzi alikuja na kile kichupa nilichoombwa nikilete kutoka nyumbani, akakiinua kwenye mwanga. "Hii dawa imeungua na joto," akasema. "Ilikuwa inakaa wapi?"

Nilifungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Kukhu, pale kitandani. "Ni mimi. Niliitoa niiangalie, nikaisahau juani. Uzee huu."

Baba yako akamgeukia kwa hasira ya mtu aliyeogopa sana. "Mama! Mara ngapi tumekuambia usiiguse? Unataka kutuua kwa mawazo?" Akamfokea mbele ya wagonjwa wote. Kukhu akaitikia kwa kichwa, kama mtoto. Nami, mwanangu, nilisimama hapo nimekunja mikono, nikamwacha afokewe.

Baba yako alipotoka kutafuta uji, Kukhu alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake havikuwa na nguvu. "Mukhana," akasema, maana hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, binti, "kila asubuhi nilikusikia ukipanda kigoda stoo, na kabati lile mimi silifikii hata nikipanda kiti. Nimesema vile kwa sababu nyumba yako ingali changa. Lakini ukiona haya juu yangu, niambie nirudi kwangu. Usinifiche tu."

Nikamvutia blanketi miguuni.

Jioni tulipokuwa tukirudi mjini nilishindwa kuibeba siri hiyo. Nikamwambia baba yako yote: dawa, stoo, chembechembe, gauni la kanisani. Akaegesha gari kando ya barabara. Nilingoja anitukane, na ningalimshukuru. Alisema neno moja tu: "Nimemfokea mama yangu." Kisha akageuza gari, tukarudi Mukumu. Akaingia wodini peke yake. Mimi nilibaki garini. Nilimwona dirishani akipiga magoti kando ya kitanda, na sikuwa na uso wa kushuka.

Kukhu alipona, lakini Shieywe hakurudi. Alikwenda Navakholo kwa senge yako, dada yake baba yako, na chungu kikarudishwa mchangani. Nilimfuata nikapiga magoti uani, kuku wakinizunguka. Akaniinua. "Nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Lakini mtu hulala usingizi mahali ambapo yeye si aibu kwa mwenye nyumba." Tuliiuza friji ya kioo na kuleta kubwa, nyeupe, tukaiweka jikoni. Kukhu alikuja kututembelea mara nyingi, akala, akacheka, akakubeba wewe ulipozaliwa. Jua likianza kushuka alichukua mfuko wake. Hakulala tena chini ya paa langu hadi Mungu alipomchukua. Na upole wake ulinichapa kuliko fimbo yoyote.

Kwa hiyo, mwanangu, friji ya waini sikukatazi. Mkiipenda, nunueni. Pima kwanza mahali itakapokaa. Isipigwe na jua, isikaribiane na jiko. Omba iwashwe dukani uisikilize, kwa maana nyingine hunguruma usiku kucha. Weka karatasi mlangoni, ufunge, uivute. Ikichomoka kirahisi, mpira wake umelegea na umeme wako utakwenda bure. Na ujue baridi yake ni ya waini. Usiiamini kwa maziwa, wala nyama, wala dawa ya mtu.

Lakini kabla ya hayo yote, zunguka nyumba yako uulize: nani analala humu, na yeye anahitaji nini? Umeniambia mama mkwe wako anakuja kukaa nanyi baada ya Pasaka. Anza na chake. Mgeni atasifu kioo chako jioni moja, ataaga. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na ugonjwa wa mtu wako usiuonee haya, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na wakati mwingine kifo chenyewe humkosa mgonjwa kikamuumbua aliyemficha. Wageni wakija, mwambie avae gauni lake zuri, umketishe katikati.

Nenda, mwanangu. Mungu aipanue nyumba yako, kila mzee atakayeingia humo alale usingizi mzito, na asubuhi aamke akikuita kwa jina lako la upendo. Na aibu yangu hii, Mwenyezi Mungu akuepushe nayo.