Jasho la Mdogo Wangu

Gharama ya yote ilikuwa mdogo wangu. Nimeihesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na jibu ni lilelile.

Miaka ile ya hamsini niliuza vitambaa Gisenyi, na siku ya soko tulipanda hadi soko la Mahoko. Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani, mkono wake mwepesi, lakini mbele za watu moyo haukumtulia. Mteja akisimama karibu, jasho lilimtoka na vidole vikatetemeka. Jioni soko likivunjika, hofu nayo iliisha. Alikula, alitania, alilala.

Mimi nikaona biashara. Nilimketisha ubavuni mwangu. Kila nilipopunguza bei alikuwa anatetemeka, na wanunuzi wakaamini kweli nauza kwa hasara.

"Huyu iko mugonjwa?" mama mmoja wa Bugeshi aliniuliza, kitambaa mkononi.

"Apana, mama. Iko najua bei tulinunulia."

Alicheka, akalipa. Mdogo wangu alinitazama kwa shukrani; alidhani namfichia aibu.

"Kaka, leo niache nyumbani," aliniomba asubuhi moja. "Kifua kinanibana."

"Kitaachia sokoni. Beba mzigo."

Hofu ya kawaida huja na sababu yake na huondoka nayo. Ya kwake ilianza kuja hata siku zisizo na soko. Akaacha kulala, kisha kula, mwishowe cherehani yenyewe. Mguu ulikataa kukanyaga pedali. Huo sasa ulikuwa ugonjwa, na niliuona. Nikampeleka Mahoko miezi miwili zaidi, maana alivyokonda alitetemeka vizuri zaidi.

Siku ya mwisho alishika mlango kwa mikono miwili. Nilimbandua vidole kimoja kimoja, vyote kumi. Akaanguka kizingitini, anatweta kama mtu aliyezama, na tangu hapo hajauvuka mlango ule.

Sasa sote tuna mvi. Kila nikimpelekea chai ananiomba radhi.

"Nisamehe, kaka. Nilikuharibia biashara. Wateja walikuwa wananikimbia."

"Kunywa, itapoa," namjibu.

Nikimwambia ukweli, huenda akaacha kujilaumu. Huenda pia akabaki bila mtu hata mmoja wa kumwamini, na chai ataletewa na nani? Wewe unayesoma, nishauri: nimwambie, au ninyamaze aendelee kuniomba radhi?