Etiketi moja imebaki juu ya meza

Jamani, leo maman mmoja amepiga magoti mbele ya kichwa ya mbuzi, kwangu mu parcelle, hapa uani!

Munajua kazi yangu: nasafisha mafuvu ya wanyama, wanafunzi wayaone mu vitrine, ile kabati ya kioo.

Asubuhi nimetoa tatu mu eau oxygénée, ile dawa ya kung'arisha: mbuzi, nguruwe, nyani. Meupe pee. Nikayaanika kwa kivuli.

Maman wa avenue yetu akaingia. Kijana yake alichukuliwa wakati vita ilifika, mpaka leo hakuna habari.

"Papa, nasikia uko unasafisha vichwa. Niachie niangalie meno. Wangu alikuwa na pengo mbele."

"Maman, hizi ni za wanyama!"

Akapiga magoti mbele ya ile ya mbuzi, akaangalia moja moja tu. Hata ya nguruwe!

Mimi nimesimama na gants zangu za mikono.

Halafu akashika ile etiketi ndogo nafungaka na uzi kwa kila kichwa. Akasoma: "Mbuzi. Minova." Na tarehe.

"Hii ni ya kazi gani?"

"Ili mifupa isichanganyike, maman. Kila moja ijulikane ni nani na alitoka wapi."

Akaisoma tena.

"Basi mbuzi ya Minova iko na karatasi yake. Andikia na wangu."

Nimeandika, ningefanya nini? Jina. Bukavu. Tarehe tumeacha wazi.

Nikamupatia, akakataa kuibeba. "Ikae kwako. Wewe ndiye uko na uzi."

Ameenda. Etiketi iko hapa mbele yangu.

Ndugu zangu, mimi naifunga wapi?